Buti za winta: anza na soli kabla ya manyoya

Kila ikifika Oktoba mwishoni meseji zinaanza kuingia. Mtu kashuka Winnipeg, au Edmonton, au Minneapolis, katokea Dar, Nairobi, Goma, wengine wametoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma moja kwa moja mpaka kwenye theluji, na swali ni lilelile, ninunue buti gani? Ukimuuliza unataka ya namna gani anasema yenye joto, basi, hapo hapo anakomea. Naandika yote kwa kirefu maana kwenye meseji huwa haitoshi.

Jambo lenyewe ni hili, joto na kushika chini ni vitu viwili tofauti kabisa. Buti inaweza kuwa na manyoya mpaka karibu na goti, imeandikwa -40 kwenye boksi, na ukikanyaga barafu iliyolowa kidogo tu inakuangusha palepale mlangoni kwako. Joto unalijua ukiwa dukani, unaingiza mkono unasikia manyoya unasema hii ndo yenyewe. Kushika huwezi kukujua pale, sakafu ya duka ni kavu, kila kiatu kinashika, kwa hiyo watu wananunua joto wakiamini wamenunua buti ya winta. Mguu ukipata baridi utavumilia mpaka basi lije, ila ukianguka ukavunja mkono au nyonga hapo ni miezi nyumbani, na wengi wetu kazi zetu ni za kusimama na kubeba, warehouse, kiwanda cha nyama, kuhudumia wazee, hizo kazi hazifanyiki ukiwa umefungwa hogo.

Kwa hiyo mpangilio wangu: soli kwanza, maji pili, joto tatu, na saizi unaiangalia muda wote.

HATUA YA 1: Jua baridi ya mji wako ni ya aina gani

Usichukue ushauri wa binamu yako wa Toronto wakati wewe unaishi Winnipeg. Toronto wastani wa Januari uko kama -4 hivi, maana yake mchana theluji inayeyuka, usiku maji yanaganda, asubuhi njia yote ni kioo. Winnipeg wastani wa Januari uko kama -16 na siku za -30 ni za kawaida, ila pale theluji ni kavu, ukikanyaga inalia kwii kwii chini ya buti, na theluji inayolia hivyo haitelezi sana. Watu hawaamini nikiwaambia, ila barafu mbaya kuliko zote ni ile ya karibu na sifuri, kwa sababu juu yake kuna maji. Barafu ya -25 ni ngumu na kavu, mguu unaweza kuiomba ikashika, barafu ya -1 haina mjadala.

Kwa hiyo mtu wa Toronto, Ottawa, Boston, Columbus, huyo shida yake ya kwanza ni kuteleza na kulowa, buti ya -60 hana kazi nayo. Mtu wa Winnipeg, Edmonton, Fargo, huyo anahitaji joto la kweli na kushika pia, maana nako kuna siku za mwezi wa tatu na wa nne ambazo kila kitu kinayeyuka na kuganda upya. Calgary ni kesi yake, kuna upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, wanauita Chinook, leo -20 kesho +8, na kesho kutwa vichochoro vyote ni barafu tupu.

Na jiulize unatembeaje. Mwenye gari anayetoka gereji kwenda parking ya ofisi, na anayesimama kituoni dakika ishirini saa kumi na moja alfajiri akisubiri basi la shifti, hao hawanunui buti moja.

HATUA YA 2: Geuza buti, angalia soli kabla hujaangalia kingine chochote

Ukifika dukani usiulize bei, usiulize rangi. Chukua buti, igeuze miguu juu.

Kitu cha kwanza ni raba yenyewe. Fikiria tairi, huku watu wanabadilisha tairi za gari ikianza baridi kwa sababu raba ya tairi ya kawaida inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na raba iliyokakamaa haishiki. Soli ni mambo hayohayo. Zile soli za plastiki ngumu, zinazong'aa, ukizigonga kwa ukucha zinalia ko ko ko, hizo kwenye barafu usiziamini hata siku moja, hata kama zina kashata, yale meno ya soli, nzito kiasi gani. Unataka raba laini. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba, kwa nguvu, ukucha uingie kidogo halafu alama ipotee taratibu. Alafu kunja buti mbele pale vidole vinapokunjikia, ijikunje bila kukupa shida sana.

Shida ni kwamba dukani kuna joto, na raba inayobonyea kwenye nyuzi 21 inaweza kuwa ubao kwenye -20. Kwa hiyo fanya hivi, nunua duka linalokubali kurudisha, tunza risiti, usizivae nje. Ukifika nyumbani weka buti moja kwenye friza usiku kucha ndani ya mfuko safi wa plastiki, kama friza ni ndogo iweke balkoni. Asubuhi itoe, bonyeza tena kwa ukucha palepale, kunja tena palepale. Ikiwa bado inabonyea, hata kama kidogo kuliko jana, una buti. Ikiwa imekuwa kama gogo na ukucha hauachi alama yoyote, irudishe boksini, rudisha dukani, omba hela yako. Hicho kipimo hakina gharama na kimeokoa watu wengi ninaowajua.

Kitu cha pili ni kashata. Hapa watu wanachanganya theluji na barafu. Kwenye theluji unataka kashata za kina, kama milimita 5 kwenda juu, na ziachane vizuri ili theluji isikwame katikati, maana ikikwama ikajaa ikagandamana, soli yako imeshakuwa kipara, unatembea juu ya theluji iliyoganda kwenye kiatu chako mwenyewe. Kwenye barafu kina hakisaidii sana, kinachosaidia ni raba nyingi kugusa chini, na vile vimistari vyembamba vilivyokatwa juu ya kila kashata, kama vilivyochanjwa na wembe. Vile vinafunguka ukikanyaga na kuipa raba kingo nyingi za kushikia. Buti nzuri ya mjini ina vyote viwili, kashata za kina pembeni na kisiginoni, na katikati raba pana yenye vimistari. Kisigino angalia kiwe na kingo, kisiwe cha mviringo laini, kwa sababu tunapoteleza mara nyingi kinachoondoka ni kisigino pale unapoweka mguu mbele. Na buti za kisigino kirefu kwenye barafu, dada zangu nawapenda, hapana.

Kitu cha tatu, kuna soli za kisasa zilizochanganywa, raba ndani yake imewekwa vipande vya vioo vidogo sana au punje ngumu zinazokwaruza barafu. Mbili zinazojulikana ni Arctic Grip ya Vibram na Green Diamond. Ukipitisha kidole unasikia kama msasa laini. Hizo kwenye barafu iliyolowa zinafanya kazi ambayo raba ya kawaida haiwezi. Ila zinaisha. Ukizivaa kila siku kwenye lami na sakafu ya zege zile punje zinasagika, kwa hiyo usiivae Oktoba kwa sababu tu ni mpya, itunze mpaka barafu ije.

Na tahadhari moja kubwa kwa wanaofanya kazi jikoni na hospitali. Viatu vilivyoandikwa "slip resistant", yaani visivyoteleza, mara nyingi vimepimwa kwenye sakafu iliyolowa maji, sabuni, au mafuta. Havijapimwa kwenye barafu. Nimeona watu wakitoka shifti navyo hivyohivyo mpaka kituo cha basi kwa kuamini lile neno. Beba buti, badilisha mlangoni.

HATUA YA 3: Tafuta kama kuna mtu ameshaipima

Hapa ndo wengi hawajui kwamba kuna watu wanalipwa kuangusha watu kwenye barafu. Toronto, chini ya hospitali za University Health Network, kuna taasisi ya utafiti inaitwa KITE, wana chumba chini ya ardhi kinaitwa WinterLab. Sakafu yake ni barafu, na chumba kizima kinainamishwa. Mtu anafungwa mikanda ya usalama ili asiumie, anavaa buti wanazopima, anapanda na kushuka, nyuzi za mwinamo zinaongezwa kidogo kidogo mpaka ateleze. Wanafanya kwenye barafu kavu na kwenye barafu iliyolowa. Buti ikifaulu nyuzi 7 inapata alama moja ya kitheluji, 11 inapata mbili, 15 inapata tatu. Matokeo wanaweka wazi kwenye tovuti yao ya Rate My Treads, bure, unaandika jina la buti unaona.

Walipotoa matokeo ya kwanza mwaka 2016 walikuwa wamepima viatu vya winta 98, na vilivyopata hata ile alama moja vilikuwa 9. Tisa! Na vyote vilikuwa vinauzwa madukani kama viatu vya winta. Ndo ujue kwa nini nasema bei na manyoya havikuambii kitu. Toka hapo watengenezaji wamejitahidi na orodha imekua, kwa hiyo ukiwa dukani toa simu, andika jina kamili la modeli. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kampuni moja inaweza kuwa na buti yenye vitheluji viwili na nyingine isiyo na hata kimoja.

Ikiwa haimo kwenye orodha haimaanishi ni mbaya, hawawezi kupima zote. Rudi kwenye ukucha na friza.

HATUA YA 4: Maji

Mguu uliolowa hauna joto, hata uvae nini. Kwenye lebo tofautisha "waterproof" na "water resistant". Ya kwanza maji hayaingii, ya pili yatachelewa kidogo kuingia, na Machi wakati barabara zote ni uji wa theluji na chumvi utaujua huo utofauti kabla hujafika kituoni.

Muundo ninaoupendekeza kwa mtu wa winta ya kwanza ni ile buti yenye bakuli la raba chini, kipande kimoja kisicho na mshono kimezunguka mguu wote mpaka juu ya vidole, na juu yake ngozi au nailoni nene. Sorel, Kamik, Baffin, wote wanatengeneza za hivyo. Angalia ulimi, ile sehemu ya mbele chini ya kamba, lazima uwe umeshonwa pembeni mpaka juu, vuta kamba legeza uone kwa macho. Ulimi ulioachia pembeni unaingiza theluji kila ukikanyaga. Urefu, buti ifike nusu ya muundi, sentimita 25 hivi kutoka chini ndo kwa kuanzia, kwa sababu theluji inayosukumwa na magari ya kusafisha barabara inajazana pembeni palepale unapopandia basi.

Zile laini za ngozi ya kondoo zinazovaliwa sana na wasichana ni nzuri na zina joto siku kavu. Ila nyingi zinanyonya maji, na soli zake nyingi ni nyepesi na tambarare bila kashata za maana. Ziwe za pili, zisiwe za kwanza.

HATUA YA 5: Sasa ndo joto

Namba ya -30 au -40 kwenye boksi usiichukulie kama ahadi. Kila kampuni inajipimia yenyewe kwa njia yake, na mara nyingi wanahesabu mtu anayetembea. Mtu aliyesimama mguu unapoa haraka zaidi. Mi huwa nawaambia watu waongeze kama nyuzi 10 au 15 za akiba, kama mji wako unafika -25 tafuta iliyoandikwa -40.

Ukiona neno Thinsulate na namba, 200, 400, 800, hizo ni gramu za ule ujazo wa sintetiki wa kuzuia baridi kwa kila mita moja ya mraba. 200 ni ya kutembea kwenye baridi ya Toronto, 400 inatosha wengi, 600 kwenda juu ni kwa anayesimama nje kwenye baridi ya kweli. Ila kitu ambacho watu wanasahau, baridi kubwa haitoki juu, inatoka chini. Umesimama kituoni juu ya zege lililoganda, joto la mguu linashuka kupitia soli. Manyoya juu ya kifundo hayazuii hilo. Toa ile soli ya ndani uitazame, kama ni karatasi tu ya sponji nyembamba, nunua ya felti, kile kitambaa kinene kilichoshindiliwa, au ya sufu uweke, ni dola chache na utaona tofauti siku hiyohiyo.

Buti yenye kiatu cha ndani cha felti kinachochomoka ndo ninayoipenda kuliko zote kwa anayetembea kwa miguu. Sababu ni jasho. Mguu unatoa jasho kutwa nzima, jasho linalowesha felti, na kama felti imeshonwa humo humo haikauki mpaka asubuhi, kesho unavaa unyevu unatoka nao kwenye -28. Ile inayochomoka unaichomoa jioni. Ukiingiza mkono utashangaa, upande wa vidole umelowa, na kama ulikaa nje sana utakuta hata vipunje vya barafu kati ya felti na raba. Unaining'iniza, asubuhi imekauka.

Soksi, sufu. Pamba hapana. Pamba ikilowa jasho inabaki imelowa na inapoza mguu, sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Soksi moja nzito ya sufu inatosha, au nyembamba ndani na sufu juu. Tatu usivae, utabana.

HATUA YA 6: Saizi

Buti inayobana ni buti ya baridi. Damu haipiti, hewa haipo, vidole vinaganda hata kama umelipa dola 300. Nenda dukani jioni wakati miguu imevimba kidogo, vaa soksi ileile ya sufu utakayovaa winta, funga kamba, simama. Vidole vicheze vyote vitano bila kugusa mbele, na kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino kabla hujafunga kamba. Ukitembea kisigino kisinyanyuke sana. Kwa wengi inakuwa nusu saizi au saizi moja zaidi ya kiatu cha kawaida.

Namba zinachanganya. Wengi tumezoea namba za Ulaya sokoni au za Uingereza. Mwanaume wa 42 atafute kama 9 ya Marekani na Kanada, Uingereza ni 8. Mwanamke wa 39 ni kama 8 ya Marekani, 6 ya Uingereza. Na kama mguu wako ni mpana, uliza za upana wa W au EE, usikubali kuambiwa zitatanuka, bakuli la raba halitanuki.

HATUA YA 7: Kama ni za kazini

Ukiajiriwa warehouse au kiwandani Kanada wataomba buti zenye lebo ya CSA, shirika la viwango la Kanada, pembetatu ya kijani, maana yake mbele kuna kinga ya vidole na chini kuna bamba la kuzuia msumari. Marekani tafuta lebo ya viwango vya huko, ASTM. Kwa wanaofanya kazi nje au kwenye friza za nyama, chagua kinga ya vidole ya kompozit, yaani plastiki iliyoimarishwa, badala ya chuma. Chuma kinapitisha baridi na kiko sentimita moja tu kutoka kwenye vidole vyako kwa masaa nane. Mark's wana nyingi kwa Kanada, Minnesota watu wanakwenda Fleet Farm. Na uliza kwanza kazini, sehemu nyingine wanachangia gharama ya buti na wafanyakazi wapya hawaambiwi mpaka waulize.

KUHUSU MITUMBA

Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu watu wanafanya kwa nia nzuri. Mtu anajiandaa kusafiri, anaenda Gikomba au Karume pale Ilala, anapata buti nzito ya Ulaya, ngozi safi, bei nzuri, anafurahi. Ndugu yangu usinunue huko buti ya winta. Soli nyingi za buti hizo ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na hiyo kitu inaoza yenyewe ikikaa miaka, hata bila kuvaliwa, na unyevu na joto vinaiharakisha. Ikikaa kwenye kontena, ikakaa stoo ya Dar au Mombasa, kwa nje unaona mpya. Unaivaa wiki ya kwanza kwenye baridi, soli inameguka kama mkate mkavu, inabaki njiani nyuma yako. Hiyo hela njoo nayo.

Huku mitumba ipo, Value Village, Goodwill, Salvation Army, na unaweza kupata vizuri hasa mwezi wa tisa kabla wengine hawajaanza kutafuta. Kunja soli uangalie nyufa pale inapokunjika, bonyeza upande wa kisigino kwa kidole, ikiwa inanata au inatoa unga, iache. Kashata zilizolala, iache. Felti ya ndani ikiwa imebanwa imekuwa nyembamba sio tatizo, inauzwa peke yake, ilimradi ujue saizi. Kwa waliokuja kwa mpango wa wakimbizi, shirika lililokupokea mara nyingi hutoa koti na buti za kuanzia, zipokee, ila zipige kipimo cha ukucha hichohicho, zikiwa za plastiki ngumu waambie au nunua vyuma nitakavyoeleza hapa chini.

Anayeweza kusubiri, bei zinashuka kuanzia tarehe 26 Desemba, na Februari mwishoni zinashuka zaidi kwa sababu maduka yanaleta nguo za masika wakati sisi bado tuna theluji mpaka Aprili. Hapo nunua ya mwakani. Ila kama winta ndo hii na huna buti, usisubiri ofa.

VYUMA VYA KUVALIA JUU

Kuna siku hakuna soli itakayokusaidia, mvua imenyesha ikagandia chini. Kwa siku hizo kuna raba yenye vyuma unaivuta juu ya buti. Yaktrax ndo jina watu wanalijua. Zipo za springi na zipo za misumari midogo. Springi ni nzuri kwenye theluji iliyoshindiliwa, misumari ndo ya barafu tupu. Zinauzwa kuanzia kama dola 25 hivi, na kwa mzee, mjamzito, au mtu aliyewahi kuvunjika, mi ningesema zikae kwenye begi winta nzima. Sharti lake ni moja, zivue kabla hujaingia ndani. Kwenye marumaru ya dukani au ngazi za stesheni ya treni, chuma kinateleza kuliko kitu chochote, watu wanaumia mlangoni kwa sababu ya kuona uvivu wa kuinama.

Na kutembea kwenyewe siku hizo, hatua fupi, mguu mzima ukanyage kwa pamoja, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Kwa hiyo na glavu nazo zinunuliwe.

WATOTO

Buti za mvua sio buti za winta, hata zikiwa na picha nzuri za katuni. Mtoto anacheza nje mapumziko shuleni hata kwenye -20, ni utaratibu wa shule nyingi za Kanada, na anakaa kwenye theluji, sio anapita tu. Nunua zenye felti inayochomoka, na zifungwe kwa velkro ambayo anaweza kuivuta mwenyewe akiwa na glavu, mwalimu ana watoto zaidi ya ishirini wa kuvalisha. Nafasi ya mbele iwe upana wa kidole, usimnunulie saizi mbili zaidi ili avae mwakani, mguu ukielea ndani anajikwaa na joto linatoka. Andika jina ndani ya buti na kwenye felti pia, zote mbili. Na shule itataka viatu vingine vya ndani, hivyo weka bajeti.

Mtu mwenye kisukari, mtu mzima au mtoto, akague miguu kila jioni, kwa sababu anaweza asisikie vidole vikiganda. Environment Canada wanasema baridi ikichanganyika na upepo ikafika kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Kidole kikifa ganzi kikabadilika rangi, ingia ndani, kipashe taratibu kwa maji ya uvuguvugu, usikisugue na usikiweke mbele ya hita, na rangi isiporudi nenda hospitali.

KUZITUNZA

Ukiingia nyumbani zivue kwenye trei mlangoni, chomoa felti na soli ya ndani. Usiziweke juu ya hita, hata ukiwa na haraka, gundi inaachia na ngozi inapasuka, na soli nayo inakakamaa. Jaza magazeti makavu ndani, badilisha kabla ya kulala. Chumvi ya barabarani inakula ngozi na mishono, ile mistari meupe unayoiona pembeni ndo yenyewe, ifute jioni hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji na siki nusu kwa nusu, halafu zikikauka paka mafuta ya ngozi. Na kwa anayefanya kazi kila siku, ikiwezekana pata pea mbili za bei ya kati badala ya moja ya bei mbaya, moja inapumzika inakauka, nyingine iko kazini.

Winta ikiisha zigeuze tena miguu juu. Kama kashata zimelala kisiginoni, au ukucha hauingii tena kwenye raba, hizo ni za kufyekea majani na kuoshea gari. Usiziweke kabatini ukasahau, maana Novemba utazitoa kwa haraka asubuhi ya theluji ya kwanza na utazivaa.